Damu ya Kuazima

Kule kijijini Mamba mgeni hapewi kibovu. Tangawizi ikipelekwa kwa mnunuzi, vipande vinono hukaa juu ya gunia, na vilivyosinyaa vinajua mahali pao. Mtu atauliza hilo linaihusu nini sayansi. Asubiri.

Ernesta alikuwa mjane, mkulima wa tangawizi, na mtoto wake ni mmoja tu, Elinaza. Mtoto alianza kutembea kama wenzake, kisha miguu ikamlegea taratibu, na umri wa shule ulipofika alikwenda darasani mgongoni kwa mama yake. Mtafiti mmoja, Daktari Honorata, alisema ni ugonjwa adimu wa kurithi. Adimu, alieleza, maana yake huwapata wachache sana. Ernesta alijiuliza mbona huo uadimu haukupotea njia hata kidogo ulipokuwa unakuja kwake.

Utafiti uliendelea, tena kwa mbwembwe. Kila mwaka lilikuja gari, bango, fulana za bure na taarifa ya hatua kubwa. Mwaka mmoja hatua kubwa ilikuwa kujua kasoro iko wapi kwenye vinasaba. Mwaka mwingine panya wa maabara walipewa dawa, wakatembea. Ukumbi wa kanisa ulilipuka kwa makofi. Ernesta naye alipiga, akamshukuru Mungu kwa ajili ya panya hao, ingawa wa nyumbani kwake hawakuwahi kuumwa hata siku moja na walikuwa wanammalizia mahindi.

Safari hii, lakini, habari zilikuwa za maana. Dawa ilikuwa inaanza kujaribiwa kwa watoto. Elinaza angepata nafasi kwa sharti moja: ithibitike kwamba kasoro moja ameirithi kwa mama na ya pili kwa baba. Ya mama ilikwisha kuonekana. Baba alikufa kwa ajali ya lori pale Hedaru, basi ikatakiwa damu ya babu, Mzee Methusela, mkuu wa ukoo na mzee wa kanisa. Huyu ndiye aliyetangaza miaka yote kwamba ugonjwa umetoka Gonja, kwa kina Ernesta, kwa sababu ukoo wake una damu safi.

Damu ikatolewa, ikaenda, majibu yakarudi. Daktari Honorata alimwita Ernesta nyuma ya ukumbi, macho ameyaelekeza kwenye viatu vyake mwenyewe.

"Mama Elinaza, damu ya babu na ya mtoto hazina undugu wowote. Mimi sikuhukumu. Ila nafasi yake siwezi kuishikilia kupita mwisho wa mwezi."

Ernesta alihisi masikio yanawaka. Mwanamume pekee aliyemjua maishani amelala kaburini nyuma ya migomba. Akapanda kilima kwenda kwa mkwewe, hasira imemtangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona unahema?"

"Ile damu ulitoa mwenyewe?"

Mzee akashangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. "Nitoe mimi, na uzee huu? Nilimtuma Kaleb, yule jirani anayeimba besi, akajiandikisha kwa jina langu. Kifua chake si umekiona? Wale wageni wametoka mbali, mwanangu. Hatuwezi kuwapa makapi."

Ernesta aliketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Baba, damu ya Kaleb imemfanya mjukuu wako mwana wa nje ya ndoa. Mimi imenifanya malaya. Na dawa inampita mtoto hivihivi anaiona."

Usafi wa ukoo una raha yake, na aliyeukalia miaka mingi hashuki kwa siku moja. Wala Methusela hakuwa mjinga. Alijua kwa nini kifua cha Kaleb kilimpendeza kiasi kile.

"Na ikionekana ugonjwa umepitia kwangu?"

"Itakuwa umepitia kwako. Mtoto hataumwa zaidi kwa sababu hiyo."

Kesho yake mzee alishuka na koti lake la Jumapili, akageuza uso sindano ilipoingia. Majibu yalipokuja, undugu ulikuwepo, na kasoro ilikuwepo. Elinaza akaingizwa kwenye majaribio. Daktari Honorata alionya kwamba huenda dawa isimrudishie miguu, labda ipunguze tu kasi ya kulegea, na hata hilo bado hawana hakika. Ernesta alisema ataichukua hiyo labda. Alikuwa na furaha iliyomtia woga.

Jumapili hiyo, baada ya matangazo, Methusela alisimama kanisani.

"Ugonjwa wa Elinaza haukutoka Gonja peke yake. Umepitia kwangu. Mkwe wangu nimemsema bure." Akaketi. Watu wakatazama dari.

Fortunata, binti wa mama mdogo wa Ernesta, aliyeolewa na mwana mwingine wa Methusela, aliondoka ibada haijafungwa. Ukoo mzima ulijua kwamba binti yake wa pekee, Koleta, analelewa na shangazi yake Tanga tangu utotoni.

Daktari Honorata alikuwa anapakia vifaa garini nje ya ukumbi Fortunata aliporudi kutoka nyumbani kwake, jasho linamtiririka, amebeba mgongoni mtoto mkubwa mno kubebwa. Miguu ya mtoto ilining'inia. Ernesta aliitambua miguu hiyo kabla hajaona uso.

Fortunata alipita mbele ya watu wote mpaka alipokuwa mkwewe, akasimama.

"Shikamoo, babu," mtoto akasema.

"Marahaba," Methusela akaitikia, kisha akamgeukia Fortunata, akauliza kwa upole kabisa huyu ni mtoto wa nani.