Petroli ya Felicitas

Mwaka wa nne wa vita vikuu vya pili, petroli ikitolewa kwa kuponi, Mtoni nzima ilikuwa na motokaa moja tu ya mtu binafsi, nayo ni ya Shamsuddin, muuza bati na misumari wa Barabara ya Kilwa. Na alivyokuwa akiipenda, we! Mtoto ukimgusia vumbi tu kwenye bodi, unakimbizwa mpaka kwenu. Kila asubuhi akishasali alifungua tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa na kutazama petroli imekilowesha mpaka wapi.

Kijiti hicho kilikuwa na alama. Aliikata mwenyewe kwa kisu mbele ya jirani yake Ansbert, mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa Bukoba. Felicitas, mke wa Ansbert, alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, kwa kuwa mara zote mbili uchungu ulimshika nyumbani, na hospitali iko mjini, na gari wakati huo hakuna. Sasa alikuwa na mimba ya tatu.

"Tazama, Mwalimu," Shamsuddin alimwambia. "Kuanzia alama hii kwenda chini ni petroli ya mkeo. Mie siigusi. Siku ikifika, njoo ugonge mlango."

Alitoa ahadi ile kwa moyo safi, tusimsingizie. Balaa lilianza na harusi.

Binti yake Zohra alikuwa anaolewa mjini, na bibi harusi lazima atoke kwa gari la baba yake. Wiki tatu kabla, Firoz, mtoto wa kaka yake, akaja kutoka Temeke na lori lake. Lori hilo lilikuwa limefungwa dumu kubwa la chuma mgongoni. Ndani ya dumu mkaa unaungua polepole, na gesi yake inapita kwenye bomba mpaka kwenye injini, basi gari linakwenda bila petroli. Linakohoa, linanuka, mlimani linatambaa, lakini linafika.

"Ami, ninalo dumu la pili," Firoz alisema. "Nikufungie kwenye gari lako, zawadi yangu ya harusi. Petroli utaiweka akiba."

Siku mbili Shamsuddin hakulala vizuri kwa kulifikiria jambo hilo. Akili ilimwambia akubali. Kwa gesi angekwenda mjini na kurudi atakavyo, na petroli ya Felicitas ingekaa pale pale. Lakini kila akifumba macho alimwona Zohra akishuka mbele ya wakwe na masizi kwenye mtandio. Alijiona na yeye mwenyewe, Shamsuddin mzima, akichochea moto nyuma ya gari kama mpishi wa shughuli.

Angeweza kukataa kwa adabu, yakaisha. Hakukataa kwa adabu. Ijumaa, nje ya msikiti, mbele za watu, alipaza sauti: "Binti yangu aolewe ndani ya jiko? Firoz, biriani nalo utalipika humo humo?" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku ile kijana wa watu akaitwa Firoz Masizi. Firoz naye alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Siku ya harusi petroli ilikuwa juu ya alama, ya kwenda mjini na kurudi tu. Wakaenda vizuri. Walipofika, vijana wa upande wa bwana harusi wakapiga kelele, "Mzee, mpitishe bibi harusi ufukweni, watu wamwone!" Kichwa kikamvimba. Akampitisha. Wakasema tena, akapitisha tena. Jioni aliporudi Mtoni hakwenda moja kwa moja nyumbani. Aliuzunguka mtaa mara mbili akipiga honi, wanawake wakipiga vigelegele. Felicitas alikuwa mlangoni na tumbo lake, akapiga makofi kama wenzake.

Asubuhi yake Shamsuddin hakupima. Alijiambia amechoka. Ya pili yake hakupima. Siku ya tatu alikichukua kijiti, akakiangalia, akakisukumiza chini ya kiti. Hakutaka kujua, basi.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Ansbert aligonga.

"Shikamoo, mzee. Siku imefika."

Shamsuddin alikimbilia gari. Likapiga chafya mbili, likanyamaza. Alikitoa kijiti chini ya kiti na kukitumbukiza tangini. Kikatoka kikavu, hata ncha haikulowa. Ansbert alikuwa amesimama karibu yake. Aliitazama ile alama, akamtazama Shamsuddin, akarudi mbio kwa mkewe. Laiti angemtukana!

Mzee wa watu akapanda baiskeli ya dukani, na unene wake ule, akaikanyaga mpaka Temeke. Njiani alipanga maneno ya kumwomba Firoz radhi. Alipofika maneno yote yakayeyuka. "Firoz, mwanangu, mke wa Mwalimu..."

Firoz alimrushia kipepeo cha ukili. "Pepea, Ami. Moto bado haujakolea."

Akapepea. Robo saa nzima alipepea mbele ya kila mpita njia wa Temeke, masizi yakimwingia ndevuni, shati lake jeupe likawa kaniki. Watu wakasimama kutazama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomkata maini. Alitamani angalau mmoja amcheke ili naye apate wa kumkasirikia.

Wakarudi na lori Mtoni, wakampakia Felicitas juu ya magunia ya mkaa, wakamtandikia mkeka. Ansbert alimpakata kichwa, Shamsuddin akashika furushi la nguo za mtoto. Kwenye mwinuko lori lilipunguza mwendo, mtu wa miguu akalipita. Felicitas aliuma upindo wa kanga, jasho likimtiririka. Uchungu ulipomwachia kidogo, akafungua macho.

"Pole, mzee," alisema. "Nguo zako zimeharibika."

Shamsuddin aligeuza uso pembeni. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Walifika. Mtoto alizaliwa saa nane, wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Mungu alikuwa na huruma kuliko Shamsuddin.

Wiki iliyofuata Ansbert alikuja dukani na vifurushi viwili vya kahawa ya kutafuna, vimefungwa kwa jani la mgomba kama wafanyavyo kwao Bukoba. "Kimoja cha Firoz, kimoja chako, mzee. Tumekuja kushukuru."

"Usinishukuru, Mwalimu. Ile petroli, mie..."

"Tunajua. Gari lilipozunguka mara ya pili na honi, Felicitas aliniambia, 'Ansbert, ile inayopita ni petroli yetu.'"

Shamsuddin alishika meza. "Mlijua? Siku zote sita? Mbona hukuja kuniuliza?"

Ansbert aliinamisha kichwa. "Harusi ya mwanao, mzee. Niliona aibu."

Kesho yake, saa ambayo watu wako sokoni, Shamsuddin alitoa gari barabarani lisukumwe mpaka Temeke kufungwa dumu. Firoz alikuwa amemwambia atalileta dumu mwenyewe. Akakataa, akasema gari litapita mbele za watu. Watoto walijipanga pembeni wakiimba, "Masizi! Shamsuddin Masizi!" Akayapokea yote, mikono kwenye usukani, kijiti chenye alama juu ya mapaja.

Kulikuwa na wasukumaji wanne. Karibu na njia ya shule gari likawa jepesi kidogo, akatazama kwenye kioo kuona nani ameongezeka. Alikuwa Ansbert, koti la ualimu amelining'iniza begani, anasukuma kwa mikono miwili.

Shamsuddin alikishika kioo, akakigeuzia juu ili macho yao yasikutane. Gari likaendelea kwenda.