Mtu wa Kubuni

"Mimi nikimwigiza mtu," Kinyonga alikuwa akitamba shuleni kila mapumziko, "mwenyewe akikaa mstari wa mbele atacheka mpaka mbavu zimuume, halafu aulize huyo kituko ni nani."

Kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Alimwigiza mwalimu wa hesabu anavyosaka miwani iliyo kichwani kwake, na mpishi wa shule anavyoonja chakula chake mwenyewe kama anayeonja sumu. Lakini hesabu zenyewe zilishamkataa tangu kidato cha kwanza, na masomo mengine yalimtazama kwa jicho la pembeni. Limebaki moja, maigizo. Akilifeli hilo, shule imeishia hapo. Alijua yeye, alijua mama yake, alijua mpaka mlinzi wa getini.

Nusu ya alama zilikuwa kwenye onyesho la dakika tano, mwanafunzi peke yake jukwaani. Mwalimu wa maigizo, mama mpole mwenye sauti ya kufika barabarani, alitoa sharti mapema.

"Ukimbuni mtu, andika umembuni. Ukimchukua mtu wa kweli, akubali, asaini kwenye daftari lako. Ukidanganya ni sifuri, na mimi sitakutetea."

Kinyonga alimchukua baba yake.

Baba alikuwa mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa huo. Siku moja Kinyonga alirudishwa nyumbani mapema kwa sababu ya homa. Saa ambayo baba angekuwa kwenye mashine, akamwona kwa upenyo wa mlango, kasimama mbele ya kioo cha kabati na bahasha ya vyeti. Alivitoa vyeti, akavigonga mezani upande mmoja, akavigeuza, akavigonga upande wa pili, pande zote nne, mpaka vikakaa sawa kama tofali. Akapuliza ukingo. Kisha akakiambia kioo, "Tayari, bosi. Hata leo naweza kuanza." Akarudia. Mara ya tatu sauti ikampasukia katikati ya "bosi", akaanza upya.

Kinyonga alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Jioni baba akaingia na mfuko wake wa chakula begani, akilalamika kwamba mashine zimemmaliza mgongo. Asubuhi akaaga, "Haya, naenda kazini." Na kesho yake, na kesho kutwa.

Sasa mtu kama huyo utamwendea vipi na daftari? Baba, nisainie hapa kwamba nilikuchungulia? Kinyonga akaandika: mtu wa kubuni.

Siku ya mtihani, mapazia ya ukumbi yalifungwa, taa moja ikamulika jukwaa. Huko nyuma vibarua waliokuja kupanga mabenchi waliombwa wasimame kimya kidogo. Mtahini, bwana mnene aliyetoka mbali na karatasi zake za alama, alikaa mbele pamoja na mwalimu.

Kinyonga alitia chumvi ya kutosha. Aligonga vyeti kwa madaha, akapuliza ukingo kama anayepoza chai, akasema, "Tayari, bosi," na kuipasua sauti pale pale penyewe. Mtahini alicheka mpaka karatasi zikamponyoka magotini na kutapakaa sakafuni.

"Huyu umemtoa wapi?" aliuliza akipangusa macho.

"Kichwani, mheshimiwa. Hakuna mtu wa hivi. Angekuwepo ningemhurumia."

Mwalimu akafungua mapazia. "Mmoja wenu atuokotee hizo karatasi," mtahini aliwaambia vibarua.

Aliyekuja alivaa ovaroli iliyompwaya, magoti yamejaa vumbi. Kinyonga aliutambua kwanza mfuko wa chakula begani.

Baba hakutazama jukwaani. Alizikusanya karatasi, na mikono ikafanya ilichozoea. Ikazigonga kwenye benchi upande mmoja, ikazigeuza, ikazigonga tena, pande zote nne. Akapuliza ukingo.

"Tayari, bosi," alisema, na sauti ikapasuka.

Tabasamu la mtahini lilimtoka taratibu. Alizitazama karatasi, akaitazama mikono, akamtazama Kinyonga.

"Mzee, unamfahamu kijana huyu?"

Hapo ndipo baba aliinua macho. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Hapana," alisema. "Mimi nimeletwa na mabenchi tu."



Mwalimu wa maigizo alikuwa keshasimama. Kwenye kikao cha wazazi, mwezi mmoja tu uliopita, alikuwa amempa mzee huyu huyu mkono na kumsifia mwanawe.

"Karibu ukae, baba yake Kinyonga," alisema kwa sauti ya chini ambayo darasa halikuwahi kuisikia, akamsogezea kiti chake.