Kuanguka Kidato cha Tatu

"Alisema pole, au alisema nisamehe?"

Swali hilo ndilo lililompa jina wakili wa majeruhi. Pole haimfungi mtu. Hata mpita njia huitoa bure. Nisamehe ni kukiri kosa. Kwa miaka ishirini aliwauliza mashahidi hivyo hivyo, na wenye malori, wenye viwanda na daktari mmoja wa meno wakatoka mahakamani wamefyata mkia.

Swali lenyewe alilitoa nyumbani. Baba yake, fundi mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Tajiri wake akaja hospitali, akasema pole mara ishirini na moja, mama alihesabu, kisha akaenda zake. Siku hiyo mtoto aliapa kuwa wakili, ingawa hakufika kwa mwendo mmoja. Alianguka mtihani wa kidato cha tatu, akakirudia, na ukoo mzima ukambandika jina la Kidato.

Sasa mganga hajigangi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vioo, na ngazi ya kupandia ilikuwa na kidato cha tatu kilichokuwa kikicheza kama jino la mtoto. Seremala alikuwa "anakuja kesho" tangu mwaka uliopita. Wakati wa kumsubiri, wakili alibandika ukutani karatasi: TAHADHARI.

Jumanne asubuhi mama yake alimletea koti alilolisahau. Kishindo kikasikika mpaka dukani. Wakili alitoka mbio akamkuta mama amekaa chini, ameshika kiwiko.

"Pole, mama! Pole sana!"

"Pole hata muuza vioo amenipa," alisema mama, akimtazama. Akasubiri.

Wakili alifungua mdomo. Miaka ishirini ya kazi ikamjibia. "Lakini karatasi si ipo, mama? Hukuiona?"

Mama akanyanyuka mwenyewe. Keshokutwa yake, mkono ukiwa kwenye plasta, aliipanda ngazi ile ile, akakiruka kidato cha tatu, akaupita mlango wa mwanawe na kuingia kwa wakili jirani, hasimu wa mwanawe huyo wa siku nyingi, ambaye karibu apige vigelegele. Barua ikaja mchana: mlalamikaji hataki hata senti, anataka neno moja.

Wakili alijibu kwa kurasa mbili za pole. Tangu hapo kila alipopiga simu, mama alimwita "mheshimiwa" na kukata. Siku ya nne hakupokea kabisa. Wakili alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akaenda nyumbani kwa mama.

Alimkuta jikoni anahangaika na kitunguu kwa mkono mmoja.

"Mama, tutafute maelewano."

"Ulipoanguka kidato cha tatu, ulisimama hapo hapo mlangoni. Ulisemaje?"

Wakili alikumbuka vizuri mno.

"Leo mimi nimeanguka kidato cha tatu, tena chako, unaniambia karatasi ilikuwepo." Mama aliweka kisu chini. "Marehemu baba yako mpaka mwisho alikuwa ananiuliza, 'Yule tajiri alisema nini vile?' Namwambia, pole. Ananiambia, 'Pole tu?'"

Wakili alimwona baba yake kitandani, akingoja neno ambalo halikuja, na aliona aibu kuliko alivyowahi kumwaibisha shahidi yeyote.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kosa ni langu. Ngazi ni yangu, uzembe ni wangu."

Mama alijifuta machozi kwa kanga, akageukia sebuleni. "Wakili! Umesikia?"

Hasimu akachungulia, kikombe cha chai mkono huu, kalamu mkono ule. "Neno kwa neno, mama."

"Basi andika: nimemsamehe." Mama akamsukumia mwanawe kitunguu na kisu. "Ila kidato cha tatu, atakirudia."