Mgonjwa wa Mfano Kwenye Mizani

Mume wangu aliuza nyama maisha yake yote, na sidhani kama kuna mteja aliyewahi kutoka dukani kwake na kilo iliyotimia. Alikuwa na kidole gumba chenye bidii. Nyama ikishakaa kwenye mizani, kidole nacho kinakaa, huku mwenyewe anaangalia dari na kupiga mluzi, eti ana mawazo. Mtaani walimwita Mzee Bucha. Mimi nilimwita majina mengine, ila hayo tuyaache.

Basi figo zake zikafa. Zote mbili, kimyakimya, baada ya miaka ya presha aliyoipuuza kwa sababu aliamini presha ni ugonjwa wa watu wenye wivu. Sasa mara tatu kwa wiki nampeleka hospitali akasafishwe damu. Anakaa kwenye kiti cha kuegemea, nesi anamchoma sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio la mashine, inarudi kwa mrija mwingine. Na yeye, ambaye zamani hakujua hata figo ziko upande gani, ghafla kawa bingwa.

"Figo ni ngumi mbili hapa mgongoni," alikuwa akiwaambia wagonjwa wapya kwenye benchi la kusubiria. "Zinachuja damu muda wote. Uchafu na maji ya ziada vinatoka kwa mkojo. Zikifa, ukinywa kikombe, kikombe kinabaki ndani. Kinashuka miguuni, miguu ikijaa kinapanda mapafuni. Utazama kitandani kwako, pakavu. Kwa hiyo ndugu zangu, punguzeni maji. Na chumvi acheni kabisa, ndiyo inayoleta kiu."

Maneno matamu, na ya kweli yote. Nesi alimpenda mno. Pale kila mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kuwekwa kwenye mashine, kwa sababu kilo alizozidisha ndiyo maji aliyokunywa, na ndiyo yatakayotolewa siku hiyo. Wengine wanakuja wamezidi kilo tatu, nne, wanasemwa mpaka wanakosa pa kuficha uso. Mzee Bucha? Kilo moja tu, kila siku. "Mwigeni babu yenu," nesi anawaambia. Wenzake wakambandika jina, Profesa wa Kiu, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani mimi naona mambo mengine kabisa. Barafu inaisha kwenye friji, nikiuliza naambiwa friji bovu. Nakuta maganda ya tikiti maji chini ya kochi.

"Tikiti ni tunda," ananiambia.

"Na ile supu?"

"Supu ni chakula."

"Na barafu?"

"Barafu hainywewi, inatafunwa. Wewe ulisomea wapi?"

Ningecheka, lakini mtu huyu alikuwa halali tena chali. Alilala ameketi, kaegemea mito yote ya nyumba, anahema utadhani katoka kukimbizwa. Kupanda ngazi za mlangoni kwetu ilibidi apumzike katikati. Nikimminya mguu kwa kidole, shimo linabaki. Daktari alimwongezea vidonge vya presha, kisha akamwongezea tena, na presha haikushuka. Niliogopa. Lakini mizani ilisema kilo moja, na mizani yenyewe ya umeme, mimi ni nani nibishane nayo? Nikajua basi moyo ndio umechoka. Nikawa najifungia jikoni kulia, namlilia mtu ambaye yuko sebuleni anatafuna barafu.

Ndugu hatukuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mashine. Siku hiyo nesi akanifungulia mlango mwenyewe. "Mama, ingia. Tuna wagonjwa wapya, nataka uwaambie unavyomsimamia babu nyumbani." Nikavaa vile vifuniko vya viatu, nikaingia na aibu zangu, maana mtu huyo nilikuwa simsimamii, nilikuwa nashindwa naye.

Mzee Bucha akapanda kwenye mizani na soksi zake nzito, fimbo mkononi. Nesi alikuwa anasoma namba huku anafungua mrija mpya. Mimi nilimwangalia mume wangu. Aliisimika fimbo sakafuni, nje ya mizani, akaiegemea kwa bega zima. Kisha akainua uso kuangalia dari, akapiga mluzi.

Uso ule niliuona kaunta miaka nenda rudi.

"Nesi, mnyang'anye fimbo."

"Mama, ataanguka."

"Aniangukie mimi." Nikasogea. "Baba watoto, lete fimbo."

"Wewe mwanamke, hapa ni hospitali."

Nikaichomoa. Namba zikaanza kupanda, zikapanda, nesi akaacha kutabasamu. Amezidi kilo sita na ushei.

"Babu," akasema polepole, "maji yote haya umekuwa unarudi nayo nyumbani?"

"Mizani yenu mbovu," alisema, na ili aimalize sentensi hiyo fupi alivuta pumzi mara mbili.

Nesi akamvua soksi, akaiona miguu, akamwita daktari. Daktari akamsikiliza mgongo, kisha akaniangalia mimi, si yeye. "Mapafu yana maji tayari. Wiki hii ungempoteza, mama."

Nesi akawageukia wengine. Fundi cherehani, mwanafunzi mkubwa wa Profesa, alikuwa ameshapimwa, na sasa anachunguza kucha zake.

"Na wewe?"

"Mimi sina fimbo."

"Ulishika nini?"

"Meza."

Darasa zima likapimwa upya, mikono kichwani. Profesa alikuwa amefundisha kuliko tulivyodhani.

Maji hayakuweza kutolewa yote kwa mkupuo. Yakivutwa haraka presha inaanguka na misuli inakaza, kwa hiyo walitoa kiasi, wakasema arudi kesho yake. Nilikaa karibu na kiti chake. Alijifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema. "Walikuwa wananiheshimu."

"Wateja uliwaibia nyama. Hapa ulikuwa unamwibia nani?"

Akaitazama ile mirija ya damu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo si ya kaunta, "Kiu hii huijui. Naota mabomba. Halafu nakuja hapa, mtu ananiambia nimefanya vizuri."

Hapo mimi, mwenye ulimi unaojulikana mtaa mzima, nilimtengenezea blanketi tu. Nilimhurumia. Lakini nilipofika nyumbani nilitupa trei za barafu zote.

Kesho yake alipotoka kwenye mashine alijilaza kitandani mchana kweupe, chali, mto mmoja. Nilisimama mlangoni nikisikiliza anavyopumua, taratibu, bila kukoroma maji. Alipoamka nilimpelekea nusu kikombe.

"Ndiyo haya tu?"

"Mpaka jioni."

Aliyanywa kwa kulamba, akanirudishia kikombe bila kunitazama, akageukia ukutani. Jirani alipokuja kumjulia hali, alimwambia kwa sauti, nisikie, kwamba ameoa nyoka. Mpaka leo hanisemeshi. Nimemwacha anune. Maiti hanuni.