Mshale wa Penseli

"Weka saini hapa, yaishe."

"Yaishe kwa nani? Kwako?"

"Punguza sauti, mdogo wangu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Kwani nimeiba?"

Fundi alikuwa amefura, mishipa ya shingo imemtoka. Dada yake, mhandisi wa mawimbi ya redio, alikuwa amemnyooshea karatasi: *Kioo kimepasuka kwa sababu ya uchomeleaji mbovu.* Miaka mitatu fundi amechomelea mabomba ya shaba yanayopeleka mawimbi kwenye mtambo, yapashe gesi mpaka ipite joto la jua, na hakuna kiungo chake kilichowahi kuvuja. Asubuhi ile wakawasha nguvu zote kwa mara ya kwanza. Sekunde mbili tu, pa! Kioo cha kauri, kinachopitisha mawimbi na kuzuia hewa, kikapasuka. Hewa ikavamia ndani, kila kitu kikazima. Mkuu wa maabara akataka jina la aliyeharibu kabla ya saa kumi.

Fundi alikifungua kioo mwenyewe. Kiungo chake kizima, kinang'aa. Lakini juu ya kauri palikuwa na alama nyeusi iliyoungua, na ufa umeanzia hapo hapo. Mshale, mkia wake umepinda. Mishale ya namna ile ilijaa kwenye madaftari ya dada tangu shule ya msingi.

"Penseli, dada! Mimi niliyekimbia shule najua penseli inapitisha umeme, mawimbi yakiigusa inaungua. Na tangazo la PENSELI MARUFUKU umelibandika wewe!"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka kukumbuka upande wa kufungia, halafu nifute."

"Ukasahau."

"Nikasahau. Wakijua wananitoa kwenye mradi. Miaka sita! Wewe una mikono, utapata kazi popote, hata ya kuchomelea mageti."

Mageti. Hapo alimkata maini.

"Na mama utamwambiaje? Yule mjinga wetu kaharibu tena?"

Dada akatazama sakafu. "Mama ameshazoea."

Fundi akachomoa kile kioo mfukoni mwa ovaroli, akakibwaga juu ya karatasi, mshale juu.

"Kipeleke wewe mwenyewe kwa mkuu, nikuchomelee kipya leo leo. Usipokipeleka, mtafute mchomelea mageti akusaidie."

"Mdogo wangu, subiri..."

Akageuka, akaondoka.