Mwalimu Alikuwa Macho

Mtaa mzima ulimwita Spana, kwa kuwa alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu na mfuko wake wa shati haukukosa spana. Mkewe alifundisha darasa la kwanza, naye Spana alimwita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Walijaliwa binti mmoja.

Mwalimu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akikwambia mvua imenyesha, huna haja ya kuchungulia dirishani. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna Spana: katika miaka ishirini na mbili ya ndoa, mkewe alimwambia jambo gumu kuaminika mara moja tu, na mara hiyo hiyo moja ndiyo hakumwamini.

Ilikuwa asubuhi baada ya Mwalimu kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Spana aliingia wodini na chupa ya chai, akamkuta ameikodolea dari macho.

"Nilikuwa macho, Spana."

"Lini?"

"Walipokuwa wananipasua. Nilisikia kila kitu, nilihisi kisu. Nikataka kupiga kelele, mdomo haufunguki. Hata kidole hakikusogea."

Spana akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa hajafumba jicho siku mbili, na kumsikia mkewe akiongea tu kulimfanya awe mwepesi kama karatasi. "Ni dawa hizo, mke wangu! Yule fundi bomba wa mtaani kwetu alipozinduka baada ya operesheni si alidai amecheza mpira na marehemu babu yake, na wakafungwa?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaangua kicheko. Mwalimu alimtazama mumewe kitambo, kisha akageukia ukutani. Kwa mumewe hakulitaja tena.

Baada ya hapo alibadilika. Hakuweza kulala chali, wala kujifunika shuka kupita kifua. Siku moja mkasi ulianguka kwenye sinia la bati pale kwenye karakana ya Spana, Mwalimu akatoka mbio hadi barabarani, miguu mitupu. Spana aliyaona yote hayo, akayaita uchovu wa operesheni. Utapita, alijiambia. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine.

Mwaka wa nne ukaja uvimbe mwingine, wa utumbo. Daktari alisema wameuwahi; wakiukata sasa, atapona. Mwalimu akashukuru, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani.

Spana alimbembeleza, akamwita dada yake Mwalimu, wakamkalia kikao sebuleni.

"Nimeshapasuliwa mara moja," alisema Mwalimu.

"Na ukapona!" akadakia Spana.

"Ninyi ndio mliopona."

Hasira zikampanda Spana. "Yaani unataka kuniachia mtoto kwa sababu ya ndoto?"

Dada mtu akainamisha kichwa. "Haya," Mwalimu akasema taratibu, "basi iwe ndoto." Akaenda kusahihisha madaftari ya watoto.

Alikaa miezi saba. Alifia chumbani kwao, mchana kweupe, mkono wake umo mkononi mwa binti yake. Spana alikuwa ametoka kwenda duka la dawa.

Wiki chache baadaye mwalimu mkuu alileta boksi la vitu vilivyotoka kwenye kabati lake la shule: chaki, rula, kikombe, na daftari moja la mistari mipana, lile la watoto wanaoanza kuandika. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa mviringo, palikuwa na maneno haya: *Yaliyonipata nikiwa nimelazwa.* Spana akasoma kwamba walimfunga macho kwa plasta. Kwamba mwanamke mmoja karibu na kichwa chake alilalamika viatu vyake vipya vinamuua, atavirudisha dukani. Kwamba daktari alisema kisu hiki butu, nipe kingine. Mstari uliofuata ulianza na neno *maumivu*. Spana akalifunga daftari.

Kesho yake alikwenda nalo hospitali, akamuulizia aliyempa mkewe dawa ya usingizi. Akaonyeshwa muuguzi mmoja mtu mzima, mvi zimechungulia chini ya kofia, aliyebakiza miezi michache astaafu. Spana akaweka daftari mezani bila maelezo. Mama yule alisoma, akavua miwani.

"Viatu ni vyangu," alisema. "Vya bluu. Vilinibana vidole vyote."

Spana akatafuta kiti.

"Niliona mapigo ya moyo yanapanda," mama akaendelea. "Nikaona machozi yanapenya chini ya plasta. Nikatazama mashine: dawa ya usingizi imekauka, na mimi nilikuwa nimeshampa ile ya kulegeza mwili. Nikajaza haraka haraka. Nikampangusa machozi."

"Ilikuwa muda gani?"

"Dakika kumi. Labda kumi na mbili."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Asubuhi nilikuja wodini kumwomba radhi. Nikiwa mlangoni, nikakusikia unacheka, unamwambia ni dawa. Moyo wangu ukatua, baba, sikufichi. Nikajiambia, kama mumewe mwenyewe kasema hivyo, mimi nifungue mdomo nipoteze kazi? Nikageuka nikaenda zangu. Kosa ni langu. Lakini kicheko chako ndicho kilichonipa njia."

Spana alikuja akiwa na matusi tayari mdomoni. Yalimkauka. Alichoweza kusema ni, "Andika."

Mama akaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, akatia sahihi na tarehe. Akaahidi kwenda kwa wakubwa zake kueleza, na alikwenda kweli. Kabla hajastaafu, kila mgonjwa aliyepasuliwa pale alikuwa anaulizwa kesho yake kama alisikia chochote. Spana aliambiwa habari hiyo na mteja, akaitikia kwa kichwa tu.

Siku ile ya daftari, alipofika nyumbani kutoka hospitali, alimkuta binti yake uani, anafua.

"Mama yako alisema kweli," akamwambia.

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Aliniambia."

"Na wewe ukamwamini?"

Binti akainua uso. "Sasa kwa nini nisimwamini, baba? Si alikuwa mama?"

Spana akamnyooshea daftari. Alimwambia ameshindwa kuendelea, amsomee. Binti akajifuta povu, akafungua ukurasa wa pili, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma yale ya kisu bila kusita. Halafu sauti ikapungua:

"*Nilijua Spana yuko nje kwenye benchi. Nilikuwa namwita kwa jina lake, lile la kweli, lakini halikutoka. Nikajiambia nivumilie, nikitoka nitamwambia yeye kwanza. Nikishamwambia yeye, maumivu yatapungua.*"

"Endelea."

"Hapo ndipo alipoishia, baba. Baada ya hapo hakuandika kitu."

Spana akakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali majirani. Binti akasogeza beseni, akakaa karibu naye. Hakumwambia anyamaze.