Kura za Kiwanda cha Viatu

Msinione nimenyamaza mkadhani sina la kusema. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya kiwanda cha viatu, na hili ninalolisimulia nililifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Tulipomfukuza tajiri, tulijiwekea utaratibu wetu. Kila Jumatatu asubuhi mashine zinazimwa, tunasimama kwenye chumba cha kukatia ngozi, jambo linasemwa, mikono inanyooshwa. Mfagiaji kura moja, fundi mkuu kura moja. Na tulikuwa na adabu moja tuliyojivunia kuliko zote: jina lako likishindanishwa na la mwenzako, wewe ndiye unayeanza kumnyooshea mkono mwenzako. Mtu hajipigii kura. Watu wa wilaya walitucheka, wakasema tunajifanya malaika. Ni kweli tulijifanya, na tulipendeza.

Kisha vita vikazuka mpakani. Serikali yetu, ile tuliyoiweka wenyewe, ikataka buti tu. Viatu vya watoto vikakoma, sukari ikaadimika, tukavumilia, maana serikali ilikuwa yetu. Halafu ikataka wanaume. Kiwandani walikuwa wamebaki vijana wawili tu. Wilaya ikasema mmoja aende, mmoja abaki kutunza mashine, tuchague wenyewe.

Hapakuwa na cha kuchagua. Wa kwanza tulimwita Spana, na hapakuwa na cherehani asiyoijua. Aliitegea sikio tu akajua inaumwa wapi. Wa pili alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, tuliyemwita Kitinda, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia Spana taa na kumchekesha. Lakini mama alikata roho ameshika mkono wangu, akiniachia yule. Nami nilishakaa rumande miezi saba kwa ajili ya kiwanda kile, kwa hiyo nikisema jambo, watu wanaamini.

Nikasimama nikasema Kitinda ameshaiva, amefundishwa vya kutosha, mashine zote kumi na nne ataziweza. Uongo mtupu, tena mchana kweupe.

Spana alinitazama. Nikajua sasa ananiumbua. Akatabasamu kidogo, kisha akanyoosha mkono, wa kwanza kabisa, kumchagua mdogo wangu abaki. Ndiyo adabu yetu. Mkewe, aliyekuwa anafanya kazi meza ya gundi, alimkazia macho mumewe, halafu naye akanyoosha. Angefanyaje? Chumba kizima kikafuata.

Wiki ya sita tangu Spana aende mpakani, mashine tatu zilikuwa zimekufa. Ya kumi, saba. Kitinda alishinda chini ya mashine kutwa nzima, mafuta mpaka kwenye kope, na hakuna iliyofufuka.

"Dada, mimi siwezi," akaniambia. "Ungeniacha tu niende."

Nikamgombeza vibaya sana, kwa sababu alisema kweli. Buti zikaanza kurudi kutoka mpakani, magunia kwa magunia, soli zimeachama. Hakuna aliyenilaumu. Waliacha tu kunisalimia, na nikikaa mezani wakati wa chakula, kila mmoja anakumbuka kazi yake.

Jumatatu moja akaja ofisa wa wilaya na karatasi. Kwa kuwa mashine ni chache, ilisema, saa za kazi ziwe kumi na mbili, na Jumapili pia watu waje. Alikuwa kijana mpole, amekonda, kola imechakaa. Hakutaka kumlazimisha mtu. Alitaka kura, kama mapinduzi yalivyotufundisha.

Nikaisoma karatasi. Nikasema wanaokubali wanyooshe mikono. Kimya. Nikadhani hawakunisikia, nikarudia. Kimya. Nikauliza wanaopinga. Kimya vilevile. Mke wa Spana alikuwa ametia mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya aproni, ananitazama bila hasira yoyote.

Ndipo Kitinda akanyoosha mkono wake kukubali. Uso ulimwiva kwa aibu, lakini alinyoosha, ili dada yake asiadhirike mbele ya mgeni.

"Imepita?" ofisa akaniuliza kwa sauti ya chini.

Kwa utaratibu wetu, ilikuwa imepita. Mmoja amekubali, hakuna aliyepinga. Nikaandika hivyo. Jamani, laiti wangenitukana! Kelele nimezizoea, ningejua la kufanya. Walirudi tu kwenye zile mashine saba zilizobaki, wakatuacha pale mbele watu watatu: mimi, ofisa na mdogo wangu.

Mke wa Spana peke yake ndiye aliyekuja mezani kwangu.

"Dada, ukimaliza niazime kalamu," akasema. "Nina barua ya mume wangu sijaijibu. Kila akiandika anauliza kama mkutano wetu wa Jumatatu bado upo. Anasema huko aliko, hilo ndilo linalomtia nguvu. Wewe ndiye katibu. Nimwambieje?"

Kalamu nilimpa. Kisha nikasoma tena nilichoandika: imepita.